Betri ya simu "orijino" inayozima ikiwa na asilimia thelathini: nitajuaje kama ni bandia, na nyingine niinunue vipi hapa Mwanza?

WakalaKirumba ameuliza:

Habari za leo, ndugu zangu. Mimi ni wakala wa huduma za fedha kwa simu hapa Kirumba, jirani na Mwaloni, na wateja wangu wengi ni wachuuzi wa dagaa na wenye mitumbwi wanaofika alfajiri wakiwa na haraka ya kutuma fedha visiwani. Simu ninayoifanyia kazi ni Samsung Galaxy A12. Betri yake ya awali ilipovimba hadi mfuniko wa nyuma ukaanza kuachana na fremu, nilikwenda katikati ya mji kwenye duka la vifaa vya simu nikabadilishiwa kwa shilingi 25,000, ufundi ukiwa ndani yake. Muuzaji alinihakikishia kwamba betri ile ni orijino, akanionesha nembo na maandishi madogo madogo yaliyo juu yake, nami sikuwa na cha kubisha.

Tangu hapo simu inajaa chaji kwa namna ya kushangaza: naichomeka ikiwa imezima kabisa, na kabla saa moja haijatimia inaandika asilimia mia. Lakini ikishuka kwenye thelathini na kitu inazima bila kuaga. Kibaya zaidi, imewahi kuzima nikiwa namwekea mama mmoja fedha. Nilikuwa nimeshaingiza namba ya siri, ujumbe wa uthibitisho haujaingia, tukabaki tunatazamana hadi nilipoiwasha tena kwenye chaja na kuangalia salio. Katika kazi hii, mteja akiona jambo kama hilo anahamia kwa wakala wa pili.

Nilimwomba kijana mmoja anifungulie mfuniko nisome kilichoandikwa kwenye betri, na nakinakili hapa kama kilivyo: EB-BA217ABY, 3.85V, 6800mAh, 19.25Wh. Betri ya zamani, ambayo bado ninayo kwenye droo, ina namba hiyo hiyo ya modeli lakini imeandikwa 5000mAh. Duka jingine la Makoroboi linataka shilingi 45,000 kwa betri linayodai ndiyo halisi, na huyo kijana naye anasema anaweza kunitolea betri ya Samsung yenyewe kutoka kwenye simu iliyovunjika kioo. Naomba kueleweshwa ni kitu gani nikitazame kabla sijatoa fedha, je, bei kubwa ni dalili ya uhalisi, na je, nina haki ya kurudi kwa aliyeniuzia ilhali betri imeshafungwa na kutumika?

FundiRufiji amejibu:

Dada, sehemu ya jibu umeshainakili mwenyewe. Namba tatu ulizoandika zinategemeana: ukizidisha mAh (kipimo cha uwezo wa betri) kwa volti, kisha ukagawanya kwa 1,000, unapata wati-saa, yaani ile Wh. Kwa betri yako ya zamani, 5,000 mara 3.85 ni 19,250, na ukigawanya unapata 19.25Wh. Kwa hii mpya, 6,800 mara 3.85 inaleta 26.18Wh, lakini lebo inasema 19.25. Aliyeichapa alipandisha namba ambayo wateja huitazama, akaiacha ile ambayo hawaitazami. Isitoshe, nafasi ya betri ndani ya simu haijaongezeka hata milimita, na kampuni iliyotengeneza simu ingeweza kuingiza 6800mAh mahali hapo ingefanya hivyo yenyewe na kutangaza kwa mabango. Utakuta pia betri za Samsung zikiwa na viwango viwili vya uwezo, kimoja cha chini na kingine cha kawaida. Hiyo ni sawa, mradi kila kimoja kinakubaliana na wati-saa zake.

Hata hivyo hesabu hiyo inamkamata mwigaji mzembe tu. Mwigaji makini ananakili lebo halisi neno kwa neno, na nembo, msimbo wa QR na hata jina la nchi huchapwa kwenye mtambo ule ule unaochapa lebo nyingine zote. Ndiyo maana mimi lebo naitumia kuikataa betri, sijawahi kuitumia kuikubali.

Kinachokubalisha ni vipimo, na kimoja umekifanya bila kujua. A12 hupokea chaji ya wati 15 kwa juu kabisa, maana yake kwa saa nzima haiwezi kuingiza zaidi ya wati-saa 15, na kwa kweli huingiza pungufu, kwa sababu kasi hupunguzwa betri inapokaribia kujaa na sehemu ya umeme hupotea kama joto. Betri ya 19.25Wh iliyokauka kabisa haiwezi kujaa chini ya saa moja kwa chaja hiyo. Hata saa moja na nusu ningeitilia shaka. Kama yako inajaa ndani ya saa moja, basi kilichomo hakifiki wati-saa 15, na huenda ni kidogo kuliko hapo. Kipimo hiki hakihitaji kifaa chochote ila saa ya ukutani na kuiacha simu ikiwa imezimwa wakati wa kuchaji.

Anayetaka uhakika zaidi atafute kile kipimo kidogo kinachochomekwa kati ya chaja na waya, chenye kioo kinachoonesha volti, ampea na jumla ya kilichopita. Mafundi wengi wa hapa mjini wanacho. Angalizo moja: msisome mAh kwenye kipimo hicho, bali Wh, kwa sababu chaja inatoa volti 5 au 9 wakati betri inafanya kazi kwenye 3.85, na mAh za sehemu hizo mbili hazilingani. Betri nzima ya A12, kutoka sifuri hadi mkondo unapokaribia kukatika, itavuta kutoka kwenye chaja zaidi kidogo ya zile 19.25 zilizoandikwa, kwa sababu ya upotevu niliotaja. Ikikata kwenye 10 au 11, umeuziwa nusu ya betri.

Kuhusu kuzima kwenye asilimia thelathini wakati wa muamala, hilo nalo lina sababu yake. Simu inapowasiliana na mnara, hasa kwenye mtandao wa 2G, haivuti umeme kwa utulivu, bali kwa mapigo mafupi yanayoweza kufikia ampea 2. Betri ambayo seli yake, yaani kile kiini cha ndani kinachohifadhi umeme, ni nzima hubeba pigo hilo bila kutetereka. Seli dhaifu, iwe ni ndogo kuliko ilivyoandikwa au imezeeka, volti yake huporomoka papo hapo, na simu inapoona volti imeshuka chini ya kiwango hujizima kwa kujilinda, hata kama kwenye kioo bado imeandikwa 30. Kwa hiyo simu yako haikuchagua kuzima mbele ya mteja. Ilizima kwa sababu ndipo ilipotakiwa kufanya kazi ngumu.

Sasa tuje kwenye ununuzi. Betri ikiwa mkononi, bado haijafungwa, iombe uipime uzito. Sisi wa Mwanza tuna bahati kwamba mizani ya sonara inayosoma gramu haiko mbali na duka lolote la simu. Seli ya aina hii yenye 5000mAh za kweli haiwezi kuwa chini ya gramu 60, kwa sababu umeme huo unakaa ndani ya madini ya kobalti, nikeli, shaba na alumini, na hayo hayana njia ya kuwa mepesi. Niliwahi kuletewa betri iliyopasuka ganda yenyewe: seli ya ndani ilikuwa fupi kuliko ganda, na pengo lilijazwa kipande cha plastiki ili vidole visihisi upungufu. Muuzaji anayekataa betri yake isipimwe amekujibu tayari, usimlazimishe.

Baada ya uzito, tazama kiunganishi na utepe wake. Utepe wa betri nzuri umekatwa kwa unyoofu, hauna madoa ya risasi ya kuchomelea, na kiunganishi hukaa kwenye simu kwa mlio mmoja bila kusukumwa kwa bisibisi. Sehemu ya juu, chini ya ile tepu ya njano au nyeusi, kuna bodi ndogo ya ulinzi ambayo hukata umeme chaji ikizidi, ikishuka mno, au ncha zake za chanya na hasi zikigusana. Watengenezaji wa bandia hubana gharama hapo hapo, na kwa maoni yangu hilo ndilo jambo zito kuliko uwezo mdogo: betri ndogo inakutia hasara, ila isiyo na ulinzi inaweza kukuunguzia godoro.

Na bei haithibitishi kitu. Nimeona betri ya aina moja, ya katoni moja, ikiuzwa kwa bei tatu kwenye mtaa mmoja.

DukaNansio amejibu:

Shikamoo wakubwa, na salamu kwa wenzangu wa rika. Ninauza vifaa vya simu Nansio, Ukerewe, na ningependa wanunuzi waelewe kwamba muuzaji naye hupigwa. Katoni inafika kutoka Kariakoo kwa meli, imefungwa vizuri, juu imeandikwa jina la kampuni, na wakala wa jumla naye anaapa kwamba ni orijino. Mimi siku hizi nachukua betri chache kutoka kila katoni, nazipima kwa kile kifaa alichokitaja Fundi, na katoni isiyofaulu nairudisha kwa boti inayofuata. Wapo wasiofanya hivyo, nakubali, lakini si wote ni matapeli.

Wateja wangu wengi wanatumia vitochi, kwa kuwa mvuvi wa dagaa anayekesha ziwani hataki simu ya kuchaji kila jioni. Kwa hao tatizo ni betri ya BL-5C, ambayo nadhani imeigwa kuliko betri nyingine yoyote katika nchi hii. BL-5C ya Nokia huandikwa 1020mAh, 3.7V na 3.8Wh, na zile za zamani zilikuwa na uwezo mdogo zaidi ya huo. Ukiona imeandikwa 2800mAh, irudishe mezani bila hata kuuliza bei. Nokia iliwahi kubandika hologramu yenye picha ya mikono inayokutana, vitone pembeni, na namba ya tarakimu 20 ya kukwangua, lakini hologramu nayo iliigwa, kwa hiyo ninamuunga mkono Fundi kuhusu lebo.

Niongeze jambo ambalo huenda halitawafurahisha wapenzi wa orijino. Mwezi Agosti 2007 Nokia yenyewe ilitangaza kwamba betri milioni 46 hivi za BL-5C, zilizotengenezwa na Matsushita ya Japani kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, zingeweza kupata joto kali zikiwa kwenye chaji, ikajitolea kuzibadilisha bure. Zile zilikuwa halisi kabisa. Tofauti niionayo ni kwamba betri halisi ikiharibika kuna mtu wa kumuuliza, ilhali ya bandia haina mwenyewe. Tena tuwe waangalifu na maneno: betri mbadala iliyoandikwa jina la mtengenezaji wake, isiyojifanya kuwa Nokia wala Samsung, si bandia. Nyingine ni nzuri, na kwa simu za zamani ndizo pekee zinazopatikana mpya.

FundiRufiji amejibu:

Umesema kweli, kaka. Mimi pia nikipewa nafasi ya kuchagua kati ya mbadala yenye jina lake na "orijino" isiyojulikana ilikotoka, nachukua mbadala. Na Dada, hiyo betri ya simu iliyovunjika kioo usiichukue. Ni kweli imetoka kiwandani kwa Samsung, lakini imezeeka pamoja na simu yake, na pia kung'oa betri iliyogandishwa kwa gundi bila kuikunja kunataka subira na dawa ya kulainisha gundi, vitu ambavyo vijana wengi wa mezani hawana. Seli iliyokunjwa inaweza kuonekana nzima wiki kadhaa kabla haijaleta balaa.

MlajiNyegezi amejibu:

Naomba nijibu swali la haki ya kurudisha, kwa kuwa wenzangu wamejikita kwenye ufundi.

Kuuza bidhaa yenye alama ya biashara ya mtu mwingine bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na chombo kinachoisimamia ni Tume ya Ushindani, FCC, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa hapa Mwanza. Kwamba betri imeshafungwa na kutumika hakubadilishi ukweli kwamba uliuziwa kitu kisicho kile kilichotajwa, tena betri isingeweza kugundulika bila kutumiwa. Kwa hiyo rudi dukani kwanza kwa upole, ukiwa na picha ya lebo, hesabu aliyokufundisha Fundi, na maelezo ya muda wa kuchaji. Wauzaji wengi wakiona mteja anajua anachozungumza hurejesha fedha bila kelele, kwa sababu hawataki mazungumzo hayo yaendelee mbele ya wateja wengine.

Tatizo litakuwa risiti. Usipokuwa na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, muuzaji anaweza kusema hakujui, na hapo hata Tume itapata kazi ya kuunganisha betri na duka. Wakati mwingine dai risiti, na usiridhike na neno "vifaa" pekee; mwombe aandike kwa kalamu nyuma yake namba ya modeli, uwezo wa betri, muda wa dhamana, kisha agonge mhuri. Dhamana ya mdomo ya "ikileta shida njoo" huwa inategemea nani yupo dukani siku hiyo.

Kuhusu mahali pa kununua, anzia kwenye huduma rasmi ya kampuni ya simu yako kabla ya kwenda mitaani, hata kama ni kwa kupiga simu kuuliza bei tu. Wenye Tecno, Infinix na itel wanahudumiwa na Carlcare, ambayo ina programu ya simu inayoonesha vituo vyake. Samsung nayo huorodhesha vituo vyake kwenye tovuti yake. Gharama mara nyingi ni kubwa kuliko ya fundi wa mtaani, lakini unapata jibu la kulinganisha nalo. Wenye iPhone kuanzia XS na XR wana nafuu nyingine, kwani simu yenyewe huandika kwenye mipangilio ya betri kwamba haiwezi kuthibitisha betri iliyowekwa, ingawa ujumbe huo unaweza kutokea hata kwa betri halisi isiyofungwa na kituo kinachotambulika.

Kuagiza betri peke yake kutoka ng'ambo sikushauri. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zisizo ndani ya kifaa haziruhusiwi kusafirishwa kama mizigo kwenye ndege za abiria, hivyo muuzaji wa mtandaoni anayeahidi kuifikisha kwa siku chache ama ataichelewesha kwa njia nyingine, ama ataificha kwenye kifurushi kwa jina la kitu kingine, na anayedanganya shirika la ndege sioni kwa nini asikudanganye wewe.

Tena, kama simu yenyewe uliinunua mkononi mwa mtu, bonyeza *#06#, kisha tuma namba ya IMEI (namba ya utambulisho wa simu) itakayotokea kwenda 15090 uone jina la simu linalorudi. Utaratibu huo wa TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, uliopata umaarufu simu bandia zilipozimwa Juni 2016, hausemi lolote kuhusu betri, lakini hakuna maana ya kutafuta betri ya Samsung kwa ajili ya simu isiyo Samsung.

WakalaKirumba amejibu:

Nawashukuru sana. Nimemwomba fundi aitoe ile betri, tukaenda nayo kwa sonara, na mizani imesoma gramu 38. Ya zamani, pamoja na kuvimba kwake, imesoma 67. Sonara mwenyewe alicheka akasema dhahabu ya aina hiyo asingeinunua.

Nilirudi dukani na picha zote. Mwenye duka alianza kwa kusema tatizo ni simu, lakini nilipomwonesha 6,800 mara 3.85 kwenye kikokotoo chake mwenyewe, alinyamaza, akampigia mtu simu, kisha akarudisha shilingi 20,000 akisema 5,000 ni ya ufundi. Nimezipokea. Kituo cha huduma nilichowapigia wameniambia betri wanayo kwa bei ya juu kidogo kuliko ile ya Makoroboi, wanaifunga wenyewe na wanatoa risiti, kwa hiyo nitakwenda huko kesho mchana wateja wakipungua.

Limebaki moja: hii iliyovimba imekaa kwenye droo pamoja na daftari la miamala na noti. Mwanangu ameniambia niitoboe kwa sindano itoe hewa ndipo niitupe. Ni sawa?

FundiRufiji amejibu:

Dada, mwambie asithubutu. Hewa iliyomo ni gesi inayowaka, na sindano ikipenya matabaka mawili ya ndani yakagusana, betri inaweza kushika moto hapo hapo mkononi, na moshi wake ni sumu. Itoe kwenye droo leo, kabla ya kufunga kibanda. Ziba kiunganishi chake kwa tepu ya umeme, iweke kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu, usilifunge kopo kwa kubana, na uliweke nje ya nyumba mahali pasipo jua, mbali na mafuta ya taa na petroli ya mashine za mitumbwi. Usiichaji tena hata kwa kujaribu.

Kesho ukienda kituo cha huduma, ibebe humo humo kwenye kopo na uwaombe waichukue. Wanaobadilisha betri kila siku wana namna ya kuhifadhi zilizoharibika. Hiyo ya gramu 38, kama mwenye duka hakuichukua, nayo iende pamoja nayo. Zisiende ziwani wala kwenye shimo la kuchomea taka, kwani betri ikiungua shimoni hulipuka, na anayekuwa karibu na moto mara nyingi ni mtoto.

DukaNansio amejibu:

Ikitokea betri imeshika moto ikiwa bado kwenye chaja, zima soketi ukutani kwanza, au mkate swichi kuu, ndipo umwage maji mengi au mchanga, na wote mtoke nje kwa sababu ya ule moshi. Kwa walio mtumbwini naomba msiwe na betri iliyovimba mfukoni wala kwenye boksi la vifaa vya mashine; ikiwaka mkiwa ndani ya ziwa hamna mahali pa kukimbilia.